Fainali Isiyokwisha ya Mwaka 1919 na Daftari la Vifo la Kijiji

Kombe la Stanley ni kombe la fedha linaloshindaniwa kila mwaka na timu za kulipwa za mpira wa magongo wa barafuni katika Kanada na Marekani. Lilitolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada, na likaanza kutunukiwa washindi mwaka 1893. Ni desturi ya kombe hilo kuchongwa juu yake majina ya mabingwa. Lakini kwa mwaka 1919 hakuna jina la bingwa. Yamechongwa majina ya timu mbili, Montreal Canadiens na Seattle Metropolitans, na chini yake maneno machache yenye maana kwamba mashindano hayo hayakukamilika.

Mwananchi wa Uwemba, katika Mkoa wa Njombe, ana haki ya kuuliza kwamba maneno hayo yaliyochongwa katika nchi ya mbali yanamhusu nini. Jibu ni kwamba kilichoyakatiza mashindano hayo ni maradhi yale yale yaliyopita katika nchi ya Wabena miezi michache kabla. Huko Seattle, mchezaji aliyefariki anajulikana hadi leo kwa jina, umri, siku ya kufa na maradhi yaliyomuua. Huku nyanda za juu za kusini walikufa watu wengi mno, wala hapana ajuaye idadi yao. Tofauti hiyo haikuletwa na maradhi. Imeletwa na kuandika na kutokuandika.

Hoja ya makala haya ni kwamba kukiandika kifo ni sehemu ya tiba ya walio hai, na kwamba kila kijiji hakina budi kuwa na daftari la vifo lililo kamili.

MASHINDANO YALIYOKATIZWA

Mpira wa magongo wa barafuni huchezwa na timu mbili zinazoteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma. Badala ya mpira wa duara, wachezaji hugombania kisahani kigumu cha mpira kwa magongo marefu yaliyopinda nchani. Afrika ya Mashariki nayo imekwisha kuufahamu mchezo huu: mjini Nairobi uko uwanja wa barafu ndani ya hoteli moja tangu mwaka 2005, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Hapo mwanzo Kombe la Stanley lilikuwa la wachezaji wa ridhaa. Baadaye likaangukia mikononi mwa wachezaji wa kulipwa, na tangu mwaka 1914 mabingwa wa chama cha mashariki walikutana na mabingwa wa chama cha pwani ya Pasifiki. Chama hicho cha pwani kilianzishwa mwaka 1911 na ndugu wawili, Lester na Frank Patrick. Kwa kuwa majira ya baridi ya pwani hiyo si makali kiasi cha kugandisha maji kwa uhakika, ndugu hao walijenga kumbi zenye barafu ya mashine. Kanuni yake ni sawa na ile ya jokofu: maji ya chumvi yaliyopozwa sana hupitishwa katika mabomba chini ya sakafu, na maji yaliyomwagwa juu ya sakafu hiyo hunyang'anywa joto lake hata yakaganda. Hivyo mchezo uliotegemea hisani ya hali ya hewa ukaweza kuchezwa hata mwisho wa Machi, ndani ya jengo, mbele ya maelfu ya watazamaji waliokaa bega kwa bega.

Hata sheria za vyama hivyo viwili zilitofautiana. Mashariki timu ilikuwa na wachezaji sita, magharibi saba. Kwa hiyo ilikubaliwa kwamba sheria zibadilishane zamu kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Bingwa alikuwa yule atakayetangulia kushinda michezo mitatu.

Mwaka 1919 mchezo wa kwanza ulifanyika Seattle tarehe 19 Machi, na wenyeji wakashinda kwa mabao 7 kwa 0. Tarehe 22 Montreal walilipiza kwa mabao 4 kwa 2, na yote manne yalifungwa na Newsy Lalonde. Tarehe 24 Seattle walishinda tena, 7 kwa 2. Mchezo wa tarehe 26 ulikwisha bila bao hata baada ya muda wa nyongeza. Tarehe 29 Montreal walikuwa nyuma kwa mabao 3 kwa 0, wakasawazisha, kisha wakapata bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Kila upande ukawa umeshinda mara mbili na kutoka sare mara moja. Ukapangwa mchezo wa kuamua, tarehe 1 Aprili.

Mchezo huo haukuchezwa. Katika mchezo wa tano mlinzi wa Montreal, Joe Hall, alikuwa amekwisha kutoka uwanjani akiwa hajiwezi. Siku ya mchezo wa kuamua, wachezaji watano wa timu hiyo pamoja na meneja wao, George Kennedy, walikuwa wamelala kwa homa kali ya mafua. Saa chache kabla ya wakati uliopangwa, mashindano yakafutwa. Kennedy alikuwa tayari kuwaachia Seattle kombe, lakini kiongozi wa Seattle, Pete Muldoon, alikataa ubingwa unaopatikana kwa sababu wapinzani ni wagonjwa. Tarehe 5 Aprili Joe Hall alifariki kwa kichomi kilichofuatia mafua, akiwa na umri wa miaka 37. Kennedy mwenyewe hakuipata tena afya yake sawasawa, naye akafariki mwaka 1921.

Yafaa izingatiwe kwamba mwezi Oktoba 1918 wakuu wa mji wa Seattle walikuwa wamefunga shule, makanisa na majumba ya sinema kwa sababu ya maradhi hayo hayo, na mwezi Novemba wakayafungua. Wimbi kubwa lilikuwa limepita, na watu wakadhani kwamba maradhi yamekwisha. Kumbe lilikuwa limebaki wimbi jingine. Aidha, waganga wa wakati ule hawakumjua adui wao. Wengi waliamini kwamba mafua hayo husababishwa na bakteria aliyeelezwa na Richard Pfeiffer mwaka 1892. Virusi vya mafua ya binadamu vilikuja kutambuliwa mwaka 1933, miaka 14 baada ya mchezo uliofutwa.

MARADHI YALE YALE KATIKA NYANDA ZA JUU

Katika Afrika maradhi hayo yaliingia kwa meli. Mwezi Agosti 1918 yalikuwa Freetown; mwezi Septemba yalikuwa Cape Town na Mombasa. Kutoka bandarini yalifuata njia za reli, na mwisho wa reli yakafuata miguu ya wapagazi na askari. Hapana njia bora zaidi ya kusambaza mafua kuliko vita: vijana wengi hulala pamoja, hula kidogo, hutembea mbali, kisha hutawanyika kurudi makwao.

Nchi ya Ubena ilikuwa katikati ya njia hizo. Mwezi Oktoba 1918 kikosi cha Wajerumani cha Paul von Lettow-Vorbeck, kikitokea Msumbiji na kuelekea Rhodesia ya Kaskazini, kilipita Ubena, na huko kikamwacha Jenerali Wahle aliyekuwa mgonjwa. Katika safari hiyo askari na wapagazi wengi wa kikosi hicho waliugua mapafu. Majeshi ya Waingereza yaliyokifuata kikosi hicho yalikuwa na wapagazi wao pia. Kikosi hicho kiliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Vita ilikwisha, maradhi yalikuwa bado njiani.

Maradhi hayo yaliwakuta watu waliokwisha kudhoofika. Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907 ilikuwa imeacha njaa na makaburi katika nchi hiyo. Kisha Vita Kuu ilichukua vijana kuwa wapagazi, ikachukua ng'ombe na nafaka kuwa chakula cha majeshi. Mafua ya mwaka 1918 yalikuwa na tabia ya pekee: yaliwaua kwa wingi watu wenye umri wa miaka 20 hadi 40, ambao kwa kawaida ndio hustahimili mafua kuliko watoto na wazee. Hao ndio waliokuwa wakilima. Kwa hiyo nyumba iliyompoteza mwenye jembe mwezi Novemba, wakati wa kupanda, iliingia katika njaa mwaka uliofuata.

Je, walikufa wangapi? Kwa Tanganyika nzima, makadirio ya serikali ya wakati ule hutajwa kuwa kati ya watu 50,000 na 80,000. Na atazame msomaji pengo lililo kati ya tarakimu hizo mbili: ni watu 30,000 ambao haijulikani kama walikufa au hawakufa. Vifo vya Waafrika vijijini havikuwa vikisajiliwa. Hata idadi ya walio hai haikujulikana vema, kwa kuwa hesabu ya kwanza ya watu inayohesabiwa kuwa ya kitaalamu ilifanyika mwaka 1948. Watawala walihesabu vibanda kwa ajili ya kodi, na mwenye kutafuta kodi hamhesabu maiti.

BARAFU ILIYOTUNZA USHAHIDI

Iko barafu nyingine inayohusika na habari hii, nayo si ya michezo. Katika kijiji cha Brevig Mission, huko Alaska, mafua ya mwezi Novemba 1918 yaliua watu wazima 72 kati ya 80. Walizikwa pamoja katika ardhi ambayo chini yake haiyeyuki mwaka mzima. Mwaka 1951 mtaalamu Johan Hultin alilifukua kaburi hilo kwa idhini ya wazee wa kijiji, akachukua vipande vya mapafu, lakini hakuweza kuvipata virusi vilivyo hai. Mwaka 1997, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alirudi huko, akapata mapafu ya mwanamke mmoja yaliyohifadhiwa vema na baridi. Kutokana na masalio hayo, na mengine yaliyotunzwa maabara, Jeffery Taubenberger na wenzake walikamilisha mwaka 2005 kusoma mpangilio wote wa chembe za urithi za virusi hivyo. Wanasayansi waliweza hatimaye kumtazama adui wa mwaka 1918 usoni.

Na hapa tena ilikuwa kazi ya kumbukumbu. Hultin hakwenda Alaska kubahatisha: palikuwa na habari zilizoandikwa kwamba mahali fulani, siku fulani, watu wengi kiasi fulani walizikwa pamoja. Barafu ilitunza mapafu. Maandishi yalionyesha njia.

Uwemba nako ni nchi ya baridi. Iko juu kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai mkulima huweza kukuta alfajiri sakitu imeyaunguza majani ya viazi vyake. Lakini sakitu hiyo huyeyuka jua linapopanda. Chini yake udongo ni wenye uvuguvugu na unyevu, nao huvunjavunja upesi kila kilichozikwa. Uwemba haina kaburi litakalofukuliwa miaka 79 baadaye likatoa ushahidi. Kwa nchi ya namna hiyo, barafu pekee iwezayo kutunza ushahidi wa maradhi ni wino juu ya karatasi.

HESABU INAVYOFANYA KAZI

Huenda ikasemwa kwamba hayo ni mambo ya historia, na kwamba maiti hafufuki kwa kuandikwa. Lakini Tanzania yenyewe ina mifano ya jinsi hesabu ya vifo inavyowafaa walio hai.

Mfano mmoja ni wa Rufiji na Morogoro Vijijini. Katika miaka ya 1990 wataalamu walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amekufa na kwa dalili zipi. Majibu yalipolinganishwa na bajeti za afya za wilaya hizo, ilidhihirika kwamba malaria iliyokuwa ikiua watu wengi ilitengewa fungu dogo sana la fedha. Wilaya zikagawa fedha zake upya kulingana na uzito wa maradhi, na katika miaka iliyofuata vifo vya watoto vikapungua. Zilikuwa fedha chache zilizoelekezwa mahali panapouma.

Mfano wa pili ni wa Njombe yenyewe. Uchunguzi wa mwaka 2011 hadi 2012 ulionyesha kwamba watu wazima 14.8 katika kila 100 mkoani humo walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote ya nchi. Uchunguzi wa mwaka 2016 hadi 2017 ulipata asilimia 11.4, na ule wa mwaka 2022 hadi 2023 asilimia 12.7. Tarakimu hizo zinauma, lakini bila tarakimu hizo Njombe isingekuwa na sababu ya kudai sehemu kubwa ya dawa, vipimo na washauri.

Mfano wa tatu ni wa Kagera. Mwezi Machi 2023 vifo vichache visivyoeleweka katika Wilaya ya Bukoba viliripotiwa mapema, sampuli zikapimwa, na tarehe 21 Machi ikatangazwa kwamba ni virusi vya Marburg. Maradhi hayo hatari yalizuiwa yasivuke watu 9, ambao 6 kati yao walifariki, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Laiti vifo vya kwanza vingezikwa kimya, hesabu ya mwisho isingekuwa ya watu 9.

PINGAMIZI NA MAJIBU YAKE

Ziko pingamizi tatu ambazo aghalabu hutolewa, na kila moja yastahili jibu.

La kwanza ni la heshima: kwamba kuuliza maswali msibani ni kumkosea marehemu. Ni kweli kwamba siku ya mazishi si siku ya kujaza fomu. Lakini jamii za nyanda za juu zina desturi ya matanga, na baada ya matanga wazee hukaa kuzungumza juu ya marehemu, ugonjwa wake, madeni yake na watoto wake. Maswali ya daftari ni machache kuliko maswali ya wazee hao. Yanaweza kuulizwa wakati huo huo, kwa ulimi ule ule wa upole.

La pili ni la utaalamu: kwamba kijijini hakuna daktari wa kusema chanzo cha kifo. Hilo halizuii kuandika. Daftari halimtaki mwandishi ataje jina la ugonjwa. Linamtaka aandike umri, jinsia, kitongoji, tarehe, na dalili: homa, kikohozi, kuhara, kuvimba, ajali, uzazi. Wataalamu wa wilaya wanaweza kuzisoma dalili hizo kwa pamoja na kukisia chanzo kwa uhakika unaotosha kupanga kazi. Kifo kimoja cha kikohozi hakisemi mengi. Vifo kumi vya vijana kwa kikohozi katika majuma mawili hupiga kelele.

La tatu ni la hofu: kwamba tarakimu huwatia wananchi wasiwasi na kuichafulia nchi jina. Pingamizi hili si la kufikirika tu. Katika maradhi ya korona, Tanzania iliacha kutoa takwimu mwishoni mwa Aprili 2020, ikaanza tena katikati ya mwaka 2021. Misiba iliyotokea kati ya nyakati hizo wananchi waliijua, kwa kuwa waliibeba mabegani. Walichokosa ni kujua kama wimbi linapanda au linashuka, na hivyo kila nyumba ikabaki kujikisia yenyewe. Hofu haikupungua kwa kukosa tarakimu. Ilikosa mizani tu. Katika jambo hili watunza Kombe la Stanley wanatoa funzo lisilo la kimichezo. Ingekuwa rahisi kuuacha mwaka 1919 mtupu, au kumtaja bingwa ambaye hakushinda. Waliona afadhali ichongwe kwamba kazi haikukamilika. Kombe halikupungua thamani kwa ukweli huo.

LIFANYIKE NINI

Vyombo vya kufanya kazi hii vipo. Sheria ya kusajili vifo ipo, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini upo. Kila kijiji kina afisa mtendaji, kila kitongoji kina mwenyekiti anayejua kila msiba wa eneo lake kabla jua halijatua. Zahanati na wahudumu wa afya wa jamii wapo. Kinachokosekana ni uzi wa kuviunganisha: taarifa ya msiba huishia kwenye mchango wa sanda na jeneza, isifike kamwe kwa mtu anayehesabu.

Uwemba ni mahali pafaapo kuonyesha mfano. Watu wake ni wakulima wa viazi na chai waliozoea kuhesabu magunia na kilo, mzani hauwatishi. Mwenyekiti wa kitongoji na apewe wajibu wa kupeleka taarifa ya kila kifo kwa afisa mtendaji ndani ya juma moja. Afisa mtendaji na aandike mstari mmoja katika daftari lililo moja tu, lisilochanganywa na daftari la michango. Mganga wa zahanati na alisome daftari hilo kila mwezi, na akiona vifo vinavyofanana dalili, apeleke habari wilayani siku hiyo hiyo. Na kila mwaka jumla yake isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ili wananchi waone kwamba walichokitoa kimerudi kwao kikiwa maarifa.

Hayo yote hayahitaji mashine wala mkopo. Yanahitaji daftari, kalamu, na imani kwamba mkulima wa Uwemba aliyekufa kwa kichomi mwaka 1918 alistahili mstari wake kama Joe Hall alivyostahili wake. Mstari wa yule mkulima umekwisha kupotea. Ya watakaofuata bado inaweza kuandikwa.